Mwanafunzi wangu aliuliza kama wauza watumwa walienda kanisani, nikakwepa. Tuzungumzie ufundishaji wa historia katika shule za Kikristo

MwalimuWaTano

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nafundisha historia katika shule ya msingi ya Kikristo, darasa la tano na la sita. Huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali moja lililoninyima usingizi, na kwa kuwa najua humu wapo walimu, wazazi na watumishi waliowahi kubanwa kama nilivyobanwa mimi.

Tulikuwa kwenye mada ya biashara ya utumwa. Nilikuwa nimechora ubaoni ngome ya Cape Coast iliyoko Ghana, nikaeleza jinsi watumwa wanaume walivyofungiwa kwenye mashimo ya giza wakingoja meli. Binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto mtulivu ambaye hupita wiki nzima bila kusema neno, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao waliokuwa wanawauza, Jumapili walikuwa wanaenda kanisani?"

Jibu nilikuwa nalo. Kanisa la ngome ile lilikuwa ghorofani, na shimo la wanaume lilikuwa chini yake. Watu waliimba zaburi huku chini ya miguu yao wenzao wamefungwa minyororo. Hilo nalijua tangu chuo. Lakini nilimwambia, "Swali zuri, tutalirudia," nikafuta ubao nikaingia mada nyingine.

Nilimwogopea imani yake. Nikaogopa pia, nikiri tu, kwamba akifika nyumbani atasema mwalimu kasema Wakristo waliuza watu, na kesho yake nitaitwa ofisini.

Jioni ile zamu ya kusoma Neno nyumbani ilikuwa yangu, na tulikuwa tumefika Yoshua sura ya 4. Waisraeli wamevuka Yordani, wanaamriwa kuchukua mawe 12 kutoka mtoni na kuyasimamisha. Sababu inatajwa pale pale: ili siku moja watoto waulize mawe haya maana yake nini, na wazee wawajibu. Mungu aliweka mawe makusudi ili mtoto aulize. Mimi mtoto ameuliza, nimefuta ubao.

Nikafungua na Zaburi ya 78. Inaanza kwa kuapa kwamba mambo ya kale hatutawaficha watoto. Nilidhani yanayofuata yatakuwa ushindi mtupu. Hapana. Aya baada ya aya ni manung'uniko, uasi na usahaulifu wa baba zao, na aya ya 8 inasema wazi kwamba watoto wanaambiwa hayo ili wasiwe kama baba zao.

Hapo ndipo nilipoona tatizo letu. Historia tunayowapa watoto tumeipiga pasi. Kila Mkristo ndani yake ni shujaa, kila mmisionari ni malaika, na pale kanisa lilipokosea tunaruka ukurasa. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Uria, aliyeuawa kwa amri ya Daudi, ameandikwa. Petro kumkana Bwana kumeandikwa katika Injili zote nne. Wale waandishi hawakuona kwamba ukweli juu ya mtu wa Mungu unampunguzia Mungu kitu. Sisi tumepata wapi hofu hii?

Naomba tujadili kwa upendo. Ninyi mnafanyaje darasani?

---

Mzazi_Makini

Mwalimu, nimekusoma vizuri na naona unaumia kwa dhati. Lakini niruhusu niseme kama mama.

Mwanangu ana miaka kumi. Nimempeleka shule ya Kikristo ili ajengwe kwanza. Ubaya wa kanisa ataambiwa na dunia nzima, tena kwa kelele. Kwenye simu atauona, sekondari atausikia, chuoni atatukanwa nao. Je, hata ninyi mliokabidhiwa msingi muanze kumwonyesha nyufa kabla nyumba haijasimama?

Sisemi mdanganye. Ila kila jambo lina umri wake.

---

MzeeWaKanisa

Bwana asifiwe. Dada yangu Mzazi_Makini, hofu yako naiheshimu, nami nimeibeba miaka mingi. Nimestaafu uchungaji sasa.

Katika utumishi wangu nimekaa na vijana wengi waliokuwa wanaondoka kanisani. Nilikuwa nauliza kila mmoja, taratibu, nini kilianza. Wachache sana waliniambia walisoma habari za Vita vya Msalaba wakaacha kuamini. Nilichosikia mara kwa mara ni hiki: "Mchungaji, mlijua, mkanificha." Kilichovunjika ni uaminifu. Kijana anajiambia, kama walinificha hili, na ufufuo je?

Mtoto akisikia dhambi ya kanisa kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayemchukia Kristo, ataipokea pamoja na chuki. Akiisikia kwa mwalimu anayelia na kuomba pamoja naye, ataipokea pamoja na toba. Habari ni ile ile.

Kuhusu umri nakubaliana nawe kabisa. Mtoto wa miaka saba haambiwi kila kitu. Lakini kumwambia kidogo ni tofauti na kumwambia uongo. Unachomwambia akiwa na saba kisije kikahitaji kufutwa akifika kumi na tano.

---

ChakiNaUbao

Naunga mkono, ila nataka kuongeza jambo ambalo naona tunaliruka. Kabla hatujafika kwenye dhambi za kanisa, watoto wetu hawana hisia ya muda kabisa. Na shule za Kikristo zina ugonjwa huu zaidi ya nyingine, kwa sababu mtoto anaanza kusikia visa vya Biblia kabla hajajua kuhesabu mpaka mia. Kichwani mwake Nuhu, Daudi, Yesu na bibi yake mzaa mama wote waliishi "zamani". Nimewahi kuulizwa kama Musa alimfahamu Paulo.

Dawa yangu ni uwanja wa michezo. Hatua moja kubwa ni miaka 100. Mtoto mmoja anasimama leo. Wengine wanarudi nyuma huku darasa zima linahesabu. Babu wa babu yako hajafika hata hatua mbili. Biblia iliyochapwa kwa mashine ya Gutenberg, hatua karibu sita. Yesu, hatua 20. Daudi, karibu 30. Abrahamu anakwenda mpaka karibu na 40, na hapo ndipo kelele zinapoisha, kwa sababu wanamwona mwenzao yuko mbali kule peke yake na kati ya Daudi na Yesu kuna hatua kumi nzima. Kumi! Yaani kutoka Daudi mpaka Yesu ni mrefu kuliko kutoka Columbus mpaka sisi, mara mbili hivi. Wakirudi darasani hawasemi "zamani" tena, wanauliza "hatua ngapi?"

Baada ya hapo swali huja lenyewe: nani alianza kuhesabu kutoka kwa Yesu? Nawaambia ni mtawa aliyeitwa Dionysius Exiguus, mwaka 525, na kwamba hesabu yake ilipishana kidogo, maana Herode aliyetaka kumuua mtoto Yesu, wanahistoria wengi wanaweka kifo chake mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Kwa hiyo Yesu alizaliwa kabla ya mwaka tunaouita wa 1. Mara ya kwanza niliogopa kwamba jambo hili litawatikisa. Walifurahi kama waliogundua hazina. Waliona kwamba kalenda imetengenezwa na mtu, mtu anaweza kukosea, na Yesu bado alizaliwa.

Jambo la pili ni swali ambalo nimeliandika juu ya ubao wangu na halifutwi mwaka mzima: TUMEJUAJE? Nalitetea kwa Luka. Injili yake inaanza kwa kumweleza Theofilo kwamba amechunguza mambo yote tangu mwanzo, kutokana na walioshuhudia kwa macho yao, ndipo akaandika kwa mpangilio. Huyo ni mwanahistoria anatueleza kazi yake. Mtoto wa shule ya Kikristo angekuwa wa kwanza kuuliza ushahidi, siyo wa mwisho.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la Senakeribu, darasa la sita. Mwaka 701 kabla ya Kristo mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda. Tuna masimulizi ya pande mbili. Moja ni 2 Wafalme 18 na 19. Jingine ni la Senakeribu mwenyewe, limechorwa kwenye kipande cha udongo chenye pande sita, kipo London kwenye jumba la makumbusho la Uingereza. Naligawa darasa: kundi moja Yerusalemu, kundi moja Ninawi, mji mkuu wa Ashuru. Kila kundi linasoma lake, halafu tunalinganisha. Wote wawili wanasema Hezekia, mfalme wa Yuda, alilipa talanta 30 za dhahabu. Kwenye fedha wanapishana: Biblia inasema 300, Senakeribu anasema 800. Senakeribu anajigamba kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya kizimba. Nikawauliza, "Amesema aliuteka mji?" Kimya. Wanasoma tena. Binti mmoja anapiga kelele, "Hajasema!" Mfalme aliyechora ukutani mwa jumba lake jinsi alivyouteka mji wa Lakishi huko Yuda, habari ya Yerusalemu anaishia kwenye ndege na kizimba.

Siku hiyo wamejifunza kwamba watu hukaa kimya pale walipoaibika. Hawalisahau. Na mtoto aliyejifunza kumwangalia Senakeribu hivyo atatuangalia na sisi hivyo hivyo. Mwalimu, ndiyo maana swali la binti yako nalipenda. Ameona mahali ulipokaa kimya.

---

MwalimuWaTano

ChakiNaUbao, sentensi yako ya mwisho imenipata barabara. Naikubali.

Nimetumia siku kadhaa kutayarisha jinsi ya kulirudia swali lile, na naweka hapa nilichokipata ili anayefundisha mada hii akitumie. Sikutaka kumwambia mtoto "ndiyo, walienda, walikuwa wanafiki" nikaishia hapo. Hilo nalo ni kufuta ubao kwa namna nyingine, maana linamfundisha kwamba wabaya ni watu wa aina fulani na sisi si wa aina hiyo. Nilitafuta watu halisi ambao mtoto anaweza kuwafuata mwaka kwa mwaka.

Wa kwanza ni John Newton. Watoto wanaujua wimbo wake wa neema hata kama jina lake hawalijui. Sisi humsimulia hivi: alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, dhoruba ikampata baharini, akamlilia Mungu, akaokoka, akaacha. Inapendeza, lakini miaka inakataa. Dhoruba ilikuwa 1748. Baada ya hapo ndipo alipopewa unahodha wa meli za watumwa, akaendelea na kazi hiyo mpaka 1754, na aliposimama ni afya iliyomsimamisha. Akawa kasisi 1764. Andiko lake la kuilaani biashara ile hadharani lilitoka 1788. Kutoka dhoruba hadi andiko ni miaka 40. Mtu alikuwa anaomba, anaimba, anahubiri, na jambo lile halijafika moyoni likatoka mdomoni. Lilipotoka, alikiri kwamba ungamo lake limechelewa mno. Alikufa Desemba 1807, miezi michache baada ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara hiyo.

Wa pili watoto hawamtegemei. Jacobus Capitein, Mwafrika, alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akapelekwa Uholanzi mwaka 1728. Akasoma mpaka chuo kikuu cha Leiden. Mwaka 1742 akatetea hoja mbele ya wasomi kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Yeye aliyeuzwa. Akapewa daraja la uchungaji, akarudishwa kuhudumu katika ngome ya Elmina, nayo iko Ghana, akafungua shule ya watoto, na akafa 1747 akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Nilipokuwa nasoma habari zake nililia, sitaki kuficha. Hakuna namna ya kumweka upande wa wabaya wala wa wema. Ni mtoto aliyelelewa na watu waliompenda na kumfundisha kitu kisicho kweli.

Wa tatu ni Olaudah Equiano. Aliwahi kuwa mtumwa, akanunua uhuru wake, akawa Mkristo, na mwaka 1789 akachapisha habari za maisha yake mwenyewe na kuzunguka Uingereza akikinadi kitabu hicho. Naye aliisoma Biblia hiyo hiyo aliyoisoma Capitein.

Na jambo la nne ndilo litakalokuwa kiini cha somo. Mwaka ule ule wa 1807 palichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Ilikatwa. Habari ya Waisraeli kutolewa Misri haikuwamo. Wakati nasoma hilo niliinua kichwa, nikaliangalia andalio langu la somo lenye kurasa nilizoziruka. Waliokata ile Biblia waliogopa watumwa wangeuliza swali. Mimi nimeogopa mtoto wa miaka kumi na moja.

Nimeongeza pia kwamba walikuwapo wafalme na wafanyabiashara Waafrika waliowauza mateka wao pwani. Mtoto asije akadhani nachagua wa kuwaanika.

---

DadaWaAwali

Mimi nafundisha la kwanza na la pili, naona nyote mnaongelea wakubwa. Wadogo je?

Kwa wadogo historia inaanzia kwenye kitu unachoweza kukigusa. Shule yetu iko kando ya kanisa, na kanisa lina jiwe la msingi. Tunatoka nje na karatasi na mkaa, tunaweka karatasi juu ya jiwe, tunasugua mpaka herufi zinatokea. Wanaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Halafu tunasoma: mwaka gani, nani aliweka jiwe. Hapo nawauliza swali moja tu: "Huyu aliyeandikwa hapa ndiye aliyejenga?" Wanatazamana. Matofali yalifyatuliwa na nani? Maji yalibebwa na nani? Kwa nini majina yao hayapo? Mwaka jana mama mmoja mzee alikuja darasani kwetu, alikuwa msichana wakati wanajenga, akawaambia watoto kwamba yeye na wenzake walibeba maji kwa kichwa kutwa nzima. Watoto walimgeukia kama wamemwona mtu wa kwenye Biblia.

Bila kumtaja Senakeribu nimewafundisha kwamba jiwe halisemi yote.

Kuhusu mambo ya kutisha, kipimo changu ni hiki: nasema jambo lenyewe, siendi kwenye picha yake. Nasema "waliwafunga na kuwauza, ilikuwa dhambi kubwa." Sielezi majeraha. Na simwachi mtoto wa miaka saba aende nyumbani na huzuni aliyoachiwa saa ya mwisho; masomo ya namna hiyo nayaweka asubuhi ili tuwe na siku nzima ya kuwa pamoja. Hili hakunifundisha mtu. Nililijua baada ya mtoto kushindwa kulala kwa sababu yangu na mama yake kunipigia simu usiku.

---

Mzazi_Makini

Dada, hilo la asubuhi limenigusa. Ndilo nililokuwa natafuta kusema na sikuwa na maneno.

Bado nina swali kwa walimu wote. Mkianza hivi, Mungu mtamweka wapi? Nilipokuwa mdogo mwalimu wetu wa shule ya Kikristo alitufundisha kwamba historia ni mkono wa Mungu ukifanya kazi. Taifa hili lilishinda kwa sababu lilimcha Mungu, lile likaanguka kwa sababu liliabudu sanamu. Sasa naona mnaongelea ushahidi na vipande vya udongo. Si ndiyo shule yoyote ile tu?

---

MzeeWaKanisa

Binti yangu, swali hili ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na mimi nimelijibu vibaya mimbarani zaidi ya mara moja.

Naamini kwa moyo wote kwamba historia iko mkononi mwa Mungu. Lakini kuamini kwamba Mungu anajua maana ya kila tukio hakunipi mimi ruhusa ya kuitangaza. Manabii waliambiwa na Mungu maana ya kuanguka kwa Samaria. Mimi sikuambiwa maana ya vita vya mwaka 1914.

Soma Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe anaongeza nyingine: mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anawauliza, mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, sivyo. Alikuwa na kila uwezo wa kutoa maana ya tukio lile, na aliikataa ile maana rahisi. Akawageuzia wao: tubuni.

Ukitaka mfano wa kuwaonyesha watoto, chukua mkanda wa askari wa Ujerumani. Kwenye bizimu yake, katika vita vya kwanza na hata katika jeshi la Hitler, paliandikwa kwa Kijerumani "Mungu yu pamoja nasi." Na upande wa pili wa mstari walikuwa Wakristo wengine wakiomba vivyo hivyo. Mpe mtoto wa darasa la sita picha ya bizimu ile, umuulize: "Tumejuaje?" Halafu mweleze kwamba ndani ya Ujerumani ile ile mwaka 1934 wachungaji walikutana mji wa Barmen wakatamka kwamba kanisa halina bwana mwingine ila Kristo, na kwamba mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyempinga Hitler, alinyongwa Aprili 1945 wiki chache kabla vita havijaisha. Mtoto ataona kwamba kulitaja jina la Mungu na kumtii Mungu ni vitu viwili, na kwamba tofauti hiyo ina gharama.

Mungu nitamweka wapi darasani? Pale pale alipo kwenye Zaburi ya 78: anawavumilia watu wasiostahili, na hawaachi. Hilo naweza kulisema juu ya karne yoyote bila kuogopa kusema uongo.

---

Mdau_Kimya

Nimesoma tangu mwanzo, leo ndiyo naandika. Shule yetu ina watoto wa Kikatoliki, Kilutheri, Kipentekoste na wengine. Tukifika Matengenezo ya Kanisa yaliyoanza na Martin Luther 1517 walimu wanaogopa, wanaipita kwa dakika kumi. Mnafanyaje? Mkuu wetu wa shule anataka "tusiguse dini za watu", ilhali shule yenyewe ni ya dini.

---

ChakiNaUbao

Mdau, kanuni yangu ni moja. Mtoto wa Kilutheri anaeleza msimamo wa Wakatoliki wa wakati ule mpaka mtoto wa Kikatoliki aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema." Kisha wanabadilishana. Asipokubali, anarudia. Inachukua vipindi viwili na ni vigumu kuliko tarehe, lakini sijawahi kupata ugomvi. Ugomvi unatoka kwa mtoto aliyesemewa.

Pia usiwaache kwenye 1517. Wapeleke Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, ambapo Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Hatua karibu tano za uwanjani kutoka ugomvi hadi sahihi. Hali kadhalika ukifundisha Vita vya Msalaba usiishie Yerusalemu waliyoiteka 1099. Fika Konstantinopoli 1204, ambapo wapiganaji wa msalaba waliupora mji wa Wakristo wenzao, halafu fika Athens 2001, ambapo Papa Yohane Paulo wa Pili alimwomba Mungu msamaha kwa ajili hiyo mbele ya askofu mkuu wa Waorthodoksi. Watoto waone kwamba hata kanisa huwa linarudi na kusema tulikosea.

---

Mzazi_Makini

Nashukuru, mzee wangu, na ninyi walimu. Sijabadilika yote, ila nimeondoka nilipokuwa.

Naomba kitu kimoja kama mzazi. Msimpe mtoto giza peke yake kwa kuwa mmechoka na sukari. Wapo waliosimama. Mfundisheni Felisita, yule mtumwa mwanamke aliyeuawa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 203 pamoja na Perpetua bibi wa ukoo mkubwa, mtumwa na mwungwana wakisimama bega kwa bega uwanjani. Mimi habari hii niliisikia nikiwa mtu mzima, na nikajiuliza kwa nini hakuna aliyeniambia nikiwa na miaka kumi kwamba Wakristo wa Afrika walikuwa wanakufa kwa imani miaka 1,600 na zaidi kabla ya wale wamisionari tuliowakariri kwa ajili ya mtihani.

---

MwalimuWaTano

Dada Mzazi_Makini, Felisita ameingia kwenye andalio la muhula ujao, na ninamwongeza mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia ya leo. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi na duara, za baadaye zina msalaba. Karne ya nne hiyo. Watoto wanaweza kuishika imani ya mfalme ikibadilika kwenye picha mbili tu za sarafu, na hakuna haja mimi niseme neno.

Mmeniuliza kwa ujumbe wa pembeni kuhusu yule binti. Jumanne nilirudi darasani. Nikaandika swali lake ubaoni kama alivyolisema, na nikawaambia wote kwamba wiki iliyopita niliogopa kulijibu, na kwamba naomba msamaha. Darasa lilinyamaza kabisa. Sidhani kama walikuwa wamewahi kusikia mwalimu akisema hivyo.

Kisha nikajibu. Ndiyo, walienda. Nikawachorea ngome upya, kanisa juu, shimo chini. Nikawapa Newton na miaka yake tukaipanga kwenye kamba: 1748, 1754, 1764, 1788, 1807. Nikawapa Capitein, na Equiano, na ile Biblia iliyokatwa. Nilimaliza dakika kumi kabla ya kengele, nikakaa kwenye kiti nikawaacha waangalie kamba.

Binti alinyoosha mkono tena. Alitaka kusogea karibu. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye 1748, akakitembeza polepole mpaka 1788, akageuka. "Mwalimu, hii miaka yote hapa katikati alikuwa anaomba?"

Nikasema ndiyo, alikuwa anaomba.

"Sasa na sisi tukiomba, tutajuaje kama kuna kitu hatujakiona?"

Kengele ikalia. Safari hii sikufuta. Nimewaomba wanaofagia darasa waliache swali hilo ubaoni, na kesho asubuhi, kipindi cha kwanza, tunaanzia hapo. Mzee wetu, kama una la kunisaidia kabla ya saa mbili asubuhi, naomba uniandikie.